Maji ya Jirani

Nitakwambia kweli, siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama yake Sefu ametoka Msambweni asubuhi, amepanda mpaka huku kwetu Shimba Hills kuja kuniona, ameketi sebuleni na leso zake safi, kikapu kiko miguuni. Na huko nyuma ya nyumba, juu ya majani ya mgomba, mbuzi wetu amelala ameshachinjwa. Aliyemchinja nani? Baba mdogo Nthiwa! Mzee wa kanisa, mtega nguruwe wa mwitu, mtu ambaye hajatamka Bismillahi tangu azaliwe.

Na nilimwambia mara tatu, jamani. "Baba mdogo, usishike kisu. Matano wa dukani ndiye atakayechinja." Huku kwetu kwenye mashamba ya wahamiaji wa bara hilo si jambo geni. Sisi Wakamba tukiwa na arusi, matanga, hata Krismasi, tunamwita jirani Mwislamu achinje, ili kila atakayepita ale. Lakini siku hiyo Matano alichelewa saa nzima, na baba mdogo akaona aibu wageni wafike mbuzi bado analia mtini.

"Mbona wanitazama hivyo?" akaniuliza, mikono imejaa damu. "Nimefanya haraka kwa heshima yao."

"Heshima gani, baba mdogo? Hawatakula!"

"Watu wa pwani wasile mbuzi?"

"Wasile huyu! Umemchinja wewe!"

Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, halafu akakaa juu ya kinu pole pole. "Ai, Nthenya. Nimeharibu."

Alikuwa ameharibu kweli. Maana mama yangu, Mumbe, alikuwa na sharti moja tu. Tangu nimtajie Sefu mwezi wa pili alikataa katakata, nikalia, nikanuna, nikashona nguo za watu kwa hasira mpaka sindano zikavunjika. Mwisho akachoka nami, akasema: "Haya, waje. Wakikaa wakala chakula cha nyumba hii, tutazungumza. Wasipokula, kila mtu ashike njia yake. Mtu asiyekula kwangu, mimi nitakula kwake lini? Nitakuwa namwona mwanangu mlangoni tu, kama mpita njia?"

Baba alikufa nikiwa darasa la tano. Mama hana mwingine ila mimi, na nilijua anachokiogopa. Kwa hiyo sikumlaumu, ila nilimpenda Sefu, na hayo mawili yalikuwa yakinipasua kifua.

Sefu mwenyewe alikuwa amesimama chini ya upenu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linametameta. Ni fundi wa pampu za visima. Alikuja kutengeneza kisima chetu mwezi wa kwanza, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, akaleta ovaroli kwenye cherehani yangu nimshonee mfuko uliochanika. Kesho yake umechanika tena. Nikaushona. Mtondogoo, tena. Mara ya nne nikamwambia, "Kaka, mfuko haupasuki hivi wenyewe." Akasema, "Haupasuki. Naupasua." Basi ndiyo mambo yakaanza hapo.

Sasa akanitazama kwa yale macho yake ya pole. "Kuna nini, Nthenya? Uso umekuwa hivyo?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Akafumba macho. "Mama yangu hatakula," akasema.

"Najua."

"Nikamwambie mimi?"

"La. Ni kwetu palipokosewa. Nitamwambia mimi."

Nikaingia. Mama yangu yuko dirishani, hasemi neno tangu salamu. Nikapiga magoti mbele ya mgeni. "Mama, nina jambo la kuomba radhi."

"Sema, mwanangu."

"Mbuzi wenu amechinjwa na baba mdogo. Alikuwa na haraka ya kuwakirimu, akasahau. Hamwezi kumla."

Dirishani mama yangu akageuka, na nikaona taya lake limekaza. Nilijua anayangoja maneno gani.

"Alichinja kwa kututaka ubaya?" akauliza Mama Sefu.

"Hata, mama. Kwa furaha."

"Basi furaha haina kesi. Mbuzi ataliwa na wenye kuweza." Akavuta kikapu. "Mimi nimekuja na kilo mbili za ng'ombe, nimechukua kwa mchinjaji wetu asubuhi, niwaletee. Na adesi zimo humu. Jikoni kuna moto?"

"Mgeni apike kwangu?" Ndiyo mara ya kwanza mama yangu kufungua kinywa.

"Si kupika kwako, dada yangu. Kupika na wewe. Mimi nimekuja kula hapa, na nitakula hapa. Sikupanda mlima huu nirudi na njaa."

Mama yangu akatoka dirishani akaelekea jikoni, na mimi nikamshukuru Mungu kwa hilo dogo.

Jikoni kwetu ni banda la udongo, mafiga matatu, dari jeusi kwa moshi. Mama Sefu akakunja leso kiunoni, akaangaza huku na huku, akainyooshea kidole sufuria kubwa iliyoning'inia ukutani. "Hiyo itafaa. Haina neno?"

Nikaitazama sufuria ile. Mama yangu akanitazama mimi. Baba mdogo, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta kiberiti, akaanza kukohoa. Krismasi iliyopita nguruwe wake wa mwitu, yule aliyetumalizia mihogo, aliiva humo humo. Ningenyamaza nani angejua? Imeshasuguliwa kwa majivu mara mia.

"Ina neno, mama," nikasema. "Imepikiwa nguruwe."

Baba mdogo akatokomea na kikohozi chake.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema Mama Sefu.

"Ningekuwa nakuona unakula, mama. Chakula kisingenipita kooni."

Akanitazama. Sikuweza kusoma uso wake. "Basi tutapikia nini, binti yangu?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikupanga. Nilikwenda chumbani, nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, nikatoa sufuria yangu. Mpya, nzito, karatasi ya bei bado imebandikwa. Niliinunua Ukunda nikaificha chini ya vitambaa pamoja na vijiko sita na shuka mbili. Msichana yeyote ataelewa. Nikarudi nayo jikoni nimeikumbatia, nikamwepuka mama macho.

"Hii umeinunua lini?" akauliza mama.

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu mimi nilikuwa nimeshakataa."

"Ndiyo, mama."

Akanyoosha mkono. Nikampa. Akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akaibandua ile karatasi kwa kucha taratibu. Nikaona kidevu kinamtetemeka, na roho ikaniuma vibaya sana. "Ni nene," akasema. "Hawakukudanganya." Kisha akachota maji akaiosha mwenyewe, mara mbili, akaiweka motoni kwa mkono wake.

Tukaanza kazi. Mama Sefu alikata nyama vipande vikubwa pamoja na mifupa, akasema mfupa ndio wenye mchuzi. Mimi nikamenya vitunguu, machozi yakapata kisingizio. Mama akatwanga tangawizi na kitunguu saumu. Ila waliongea kama watu wawili wa ofisini.

"Chumvi?"

"Hiyo hapo."

"Bizari nyembamba nimekuja nayo."

"Haya."

Mama Sefu akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, akatia nyama, akaigeuza mpaka ikabadilika rangi, akatia nyanya, akaacha ijipike kwa maji yake. Harufu ikatoka ikaenda mpaka uani. Nyama ikatokota karibu saa nzima, na mimi nikawa nachambua adesi kwenye uteo, natoa vijiwe. Nikasimama nichukue bakuli la kuoshea. Nikashika lililokuwa karibu, lile la bati, la buluu, lenye ukingo mweupe.

"Hilo weka!" Mama alinikaripia mpaka nikashtuka.

Nililisahau. Bakuli lile lilirudi na mama kutoka hospitali, wakati ule wa mvua kubwa. Tangu hapo hakuna anayekula humo. Analiosha, analifuta, analirudisha kabatini, na siku hiyo alikuwa amelianika tu. Nikimuuliza habari zake ananiambia, "Si letu." Mama Sefu hakuliona; alikuwa ameinamia moto, anapuliza.

"Kuni zimekwisha," akasema, macho mekundu kwa moshi. "Nenda, binti, ukamwambie huyo mwanangu apasue nyingine. Shati jeupe halimzuii mtu kufanya kazi."

Nikamkuta nyuma ya banda, shoka mkononi, shati limeshachafuka.

"Wanaendeleaje?" akauliza.

"Wanaulizana chumvi."

"Basi ni heri. Tangu asubuhi mama yangu ananiuliza, 'Je, nikikataliwa mlangoni?' Ameogopa kuliko wewe."

"Yeye aogope? Mbona haonyeshi?"

"Kwetu hatuonyeshi." Akaweka shoka chini. Tulikuwa karibu. Hakunigusa, alinitazama tu, na mimi nikamtazama, na nakuapia kuna watu wameoana miaka ishirini hawajatazamana hivyo. "Nthenya. Mama yako akikataa leo?"

"Utafanya nini?"

"Nitapasua mfuko wa tano."

Nikacheka, nikalia, nikabeba kuni. Kama si kuni zile ningeanguka.

Niliporudi, adesi zilikuwa tayari kuingia. Mama Sefu akazimwaga, akazikoroga, akaanza kutia maji kwa kikombe, anahesabu kwa sauti ndogo. "Ya mama wa nyumba. Ya mzee. Ya binti. Ya mwanangu. Yangu." Sufuria ikafika kipimo. Nikadhani amemaliza. Akachota kikombe kingine, akakimimina taratibu.

"Na haya ya jirani."

"Jirani gani?" Baba mdogo alikuwa amerudi mlangoni, harufu imemshinda. "Jirani wa karibu ni Matano, na yuko nusu maili."

"Popote alipo, mzee wangu. Maji yake huwa nimeshayatia."

Mwiko ukaanguka. Mama yangu ndiye aliyekuwa ameushika.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema maji ya jirani. Ndivyo tulivyofunzwa: ukipika mchuzi, zidisha maji, umkumbuke jirani yako. Kwani nimekosea?"

Mama hakuokota mwiko. Alikaa chini, palepale juu ya kuni. "Rudia vile ulivyosema. Vile vile."

Mama Sefu akanitazama mimi, kana kwamba ananiuliza kama mama yangu ni mzima. "Maji yake nimeshayatia," akarudia pole pole.

"Mwaka jana," akasema mama. Sauti yake sikuijua. "Mwezi wa kumi na moja. Mvua ile. Ulikuwa hospitali ya Msambweni?"

"Nilikuwa. Nilikuwa namuuguza dada yangu."

"Wodi ya wanawake. Kitanda cha dirishani."

Mama Sefu akakiweka kikombe chini.

"Kitanda cha pili," mama akaendelea, "palikuwa na mwanamke wa malaria. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, watu wake hawakuweza kuvuka. Siku tisa. Alikuwa haoni vizuri kwa homa, anaona leso tu na mkono wenye kijiko. Na kila adhuhuri anasikia mtu akimwambia, 'Kunywa, jirani. Usione haya. Maji yako nimeshayatia.'"

Siku tisa zile nazijua mimi. Nilikuwa ng'ambo ya mto, nasimama kwenye matope kila asubuhi nikilitazama daraja lisilokuwepo, nikijua mama yangu anakufa kwa njaa kama si kwa homa. Nilipovuka nilimkuta amekaa kitandani. Nilishukuru, nikadhani ni dawa peke yake.

Mama Sefu akaja akachuchumaa mbele yake. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango. "Yule alikuwa mifupa mitupu," akasema. "Kichwa wamekinyoa."

"Nywele zimeota," akasema mama.

"Ya Rabi!" Mama Sefu akaweka mkono kifuani. "Ya Rabi, ni wewe! Uliishi!"

"Niliishi. Siku moja nikaamka homa imeshuka, nimefungua macho nikuone, kitanda cha dirishani kitupu. Wakaniambia yule mgonjwa amefariki alfajiri na jamaa zake wameondoka naye. Na mimi chini ya kitanda changu kuna bakuli limefunikwa kisahani, bado lina moto." Machozi yalikuwa yakimtiririka mama wala hayafuti. "Dada yako amekufa, na wewe umeniachia chakula. Kwa nini? Mwaka mzima najiuliza. Mtu gani hufanya hivyo?"

"Nilikuwa nimeshapika," akajibu Mama Sefu, kama jambo la kawaida tu. "Nilifika nacho mkononi, nikaambiwa dada ametangulia mbele ya haki. Chakula kile kilikuwa cha watu wawili, na mmoja alikuwa amebaki. Ningekimwaga?"

Hapo nami nikashindwa. Nililia kwa sauti, sina haya. Sefu akaja mbio na shoka mkononi akidhani pameharibika, akatukuta wanawake watatu tumeshikana sakafuni na baba mdogo anajifuta pua kwa kofia.

"Kumekuwaje?" akauliza.

"Kaa chini wewe," mama yake akamwambia. "Na mtu akoroge sufuria, adesi zitashika chini!"

Nilizikoroga mimi. Zilikuwa zimeanza kupasuka na kuwa nzito, nyama imelainika inaachana na mfupa. Mama Sefu akakamulia ukwaju mwishoni, akaonja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tukala humo humo jikoni, tumezunguka sufuria yangu, hakuna aliyekumbuka sebule. Mama yangu alipoweka kijiko cha kwanza mdomoni alifumba macho.

"Ndiyo hii," akasema. "Nimejaribu kuipika mwaka mzima, nikashindwa. Kumbe ni ukwaju."

"Kumbe hukuniuliza," akasema Mama Sefu, wakacheka wote wawili. Jamani, wakacheka! Baba mdogo alikula mabakuli matatu, na habari za mbuzi wake hakuzitaja tena.

Tuliposhiba, mama akaweka kijiko chini. "Dada yangu, nina swali moja. Mtoto wangu akija kwenu, kanisani kwake je?"

"Hayo watakaa wenyewe wawili wayazungumze, na sisi tutawaombea. Sitamvuta mtu kwa kamba. Mimi nakuahidi lile lililo mikononi mwangu: siku utakayougua tena, mwanao hatazuiwa na daraja wala na mtu. Na asipoweza yeye, nitakuja mimi. Njia ya kitanda chako naijua."

Mama akainuka. Akalifuata lile bakuli la buluu pale alipolianika, akalifuta kwa leso yake ndani na nje, akarudi akapiga magoti. Mama yangu mzima, mbele ya mgeni.

"Nilimtafuta mwenye bakuli hili," akasema. "Nilirudi hospitali mara mbili nikauliza. Nilitaka kusema asante tu. Kwenu nasikia chombo cha jirani hakirudishwi kitupu."

"Hakirudishwi," akasema Mama Sefu polepole.

"Basi ndiyo maana nimekaa nalo. Kila nikitaka kulijaza, nakosa cha kutia. Nitie unga? Nitie sukari? Mtu amekupa uhai, utamrudishia mahindi?" Akanyoosha mkono wake wa pili, akashika mkono wangu, ule wa kulia, bado una mchuzi vidoleni. Akauweka ndani ya bakuli, akalisukuma mpaka kwenye magoti ya Mama Sefu. "Leo nimepata. Pokea, dada yangu. Asante."

Nilimtazama Sefu, naye amenitazama, nikaona amefikicha jicho akasingizia moshi. Mama Sefu akalipokea bakuli kwa mikono miwili pamoja na mkono wangu, akaubusu.

"Nimepokea," akasema. Halafu akamtazama mama yangu, na chini ya yale machozi nikaona kicheko kinakuja. "Ila nawe unajua desturi, dada. Nami sina haki ya kulirudisha tupu. Nipe mwaka mmoja, miwili hivi, nitakuletea."

Baba mdogo akaangua kicheko mpaka akakohoa kweli safari hii. Mama akafunika uso kwa leso, mabega yanamruka. Sefu akakumbuka ghafula kwamba kuna kuni hazijapasuliwa, akatoka nje. Nami nikainamia sufuria yangu, uso unawaka moto, nikajidai natafuta mfupa.